Msimu wa Bwana Taratibu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na Mhariri naye kaanza. Kaniita ofisini, hata kiti hakunionyesha, akaniambia wasomaji wamemchoka Kishindo. Eti kila wiki ni yale yale: jambazi anaiba, Kishindo anakanyaga ardhi, mtaa unatikisika, jambazi anaanguka, watu wanapiga makofi. Nikamuuliza alitaka shujaa afanye nini, auze vitunguu? Hakucheka. Anataka adui mpya, mtu wa kutisha kwelikweli, atakayemtoa Kishindo jasho mpaka mvua ziishe.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Katuni hii ni yetu watatu. Mimi nabuni na kuchora. Mdogo wangu anaandika maneno ndani ya viputo, maana mwandiko wake unasomeka hata na mtu aliyelewa, na wangu hausomeki hata na mimi mwenyewe. Mama ndiye ninayemsimamisha sebuleni nikitaka mtu wa kumtazama nichore. Ameshakuwa hakimu, ameshakuwa mwizi wa benki, na siku moja alikuwa farasi. Jioni nikawaeleza shida yangu. Mama akasema nimchore Mhariri, kazi iishe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechora mwenye meno ya chuma. Nimechora anayetema moshi. Wote wana sura ya mtu anayeumwa tumbo. Nimechana.

Jumapili, 9 Machi

Mchumba wa mdogo wangu kaja kumrekebishia Mama miwani. Ana duka dogo la miwani karibu na benki, na hapa nyumbani tumezoea kumwita Fundi Miwani. Harusi yao ni mvua zikiisha. Alipiga magoti mbele ya Mama, akamwekea miwani puani, akawa anamuuliza kwa upole, hivi au hivi, Mama? Mama alikuwa ameshaona vizuri tangu mara ya pili, ila aliendelea kusema bado, apate kubembelezwa.

Nampenda kijana huyu. Hapayuki, hajisifu, viatu anavivua mlangoni bila kuambiwa. Na wanavyopendana, utawaonea raha. Mdogo wangu akianza kusema jambo, yeye analimalizia. "Mimi chai napenda..." anasema huyu. "...isiyo na sukari," anasema yule. Na tangu azaliwe mdogo wangu anakunywa sukari iliyotiwa chai kidogo! Nikamtania kwamba mapenzi yamembadilisha hadi ulimi. Akacheka, akainywa hivyo hivyo.

Jumanne, 11 Machi

Nimempata. Nilikuwa naosha vyombo, nikaacha bomba wazi nikakimbilia penseli.

Anaitwa Bwana Taratibu. Hana misuli, hana silaha, hana kinyago usoni. Ana suti iliyopigwa pasi na sauti ya chini. Nguvu yake ni moja tu: anakumalizia sentensi. Akishakumalizia, unafanya lile alilolisema yeye, na unaamini lilikuwa lako tangu mwanzo. Kishindo anamkuta mlangoni mwa benki na magunia ya noti, anaanza kumwambia, "Leo nita..." Bwana Taratibu anamalizia, "...nitakupisha upite, samahani sana." Na Kishindo, mwili ule wote, anapisha na kumshikia mlango.

Mdogo wangu alipoyaandika maneno hayo kwenye viputo alisema yamemsisimua mwili. Mama kakataa kubaki sebuleni peke yake. Nimefurahi mno.

Jumatano, 19 Machi

Mhariri kasoma kurasa zote bila kusema neno, karanga zikimbakia mkononi. Kwa Mhariri huko ndiko kusifiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Gazeti limeisha mtaani asubuhi ile ile. Njiani watoto wanamaliziana sentensi na kulazimishana kuruka madimbwi. Nilipokwenda dukani nikaanza, "Nipe mkate m..." Muuzaji akadakia, "...mikate miwili na siagi." Nimerudi na mikate miwili na siagi.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya kuchorea. Nimehamia jikoni.

Jumapili, 30 Machi

Leo Fundi Miwani kakaa sebuleni akasoma sehemu zote mbili zilizokwisha kutoka. Katika ya pili Bwana Taratibu anaingia kituo cha redio, anamshika Mtangazaji wa kike, na kuanzia hapo mji mzima unasikia sauti ya Mtangazaji lakini maneno ni ya Bwana Taratibu. Watu wanafunga maduka wakiambiwa wafunge, wanalala wakiambiwa walale. Nilikuwa namchungulia toka jikoni nione atashtuka wapi. Hakushtuka. Alitabasamu toka mwanzo hadi mwisho, akaja jikoni kunipongeza.

"Shemeji, huyu bwana ana akili," aliniambia. "Mji umetulia, hakuna fujo, hakuna makelele. Mbona mnataka ashindwe?"

Nikadhani ananitania. Nikamjibu kwamba yule Mtangazaji naye angependa kusema yake. Akaniuliza, kwa upole ule ule, yake yapi? Kweli, sikuwa nimemwandikia yoyote. Nikageuza mazungumzo, nikamuuliza habari za dukani.

Jumamosi, 5 Aprili

Sijui hata niandikeje. Nikiandika vibaya nitaonekana kichaa.

Nilihitaji picha ya Bwana Taratibu akiwa amemshika Mtangazaji mkono mbele ya kipaza sauti. Mama miguu inamuuma siku hizi, mvua hizi. Fundi Miwani mwenyewe akajitolea, akasema ana suti, si ndivyo? Tukacheka. Mdogo wangu akasimama kuwa Mtangazaji, mwiko wa ugali ukawa kipaza sauti. Nikamwambia shemeji amshike kifundo cha mkono, asimwangalie, aangalie mbele kama mtu anayesubiri zamu yake. Alisimama vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsimamisha. Hakutikisika.

Nilipomaliza mikono nikasema basi, inatosha. Mdogo wangu akashusha mwiko. Shemeji hakuachia. Nikasema tena, shemeji, nimemaliza. Akasema, bila kugeuka, nichore vizuri, haraka ya nini. Mdogo wangu akasema, "Unaniu..." Naye akamalizia, "...unanifurahisha." Akatabasamu. Mama akacheka huko kochini, maana ndivyo katuni ilivyo. Na mimi nilicheka, kicheko kikanikauka njiani. Niliita jina lake, jina lake kamili, ndipo akaachia, akaninyooshea mikono yote miwili kuonyesha hana kitu.

Wakati wa kuosha vyombo niliona kifundo cha mdogo wangu kina alama nyekundu pande zote. Nikamuuliza. Akasema walikuwa wanacheza, mbona mimi nakuwa hivi. Akashusha mkono wa sweta.

Nimekaa na kurasa zote mezani, toka ile ya kwanza. Vidole ni vyake. Namna ya kuinamisha kichwa ni yake. Hata huko kumalizia sentensi nilikuta kwake, siku ile ya chai isiyo na sukari, nami nikajisifu kuwa nimebuni.

Jumapili, 6 Aprili

Kaja na maua. Sikutoka chumbani.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeamua kuwa mtu mzima na kumtazama kama binadamu, si kama jambazi wa gazetini. Huenda kazi imenipanda kichwani. Mtu akichora nyoka kutwa, kamba anairuka.

Basi nimetazama. Simu ya mdogo wangu inakaa mfukoni mwa mchumba wake, eti isilowe. Rafiki yake wa tangu shuleni kapiga mara tatu, na mara zote aliyepokea ni yeye, akasema mwenzetu amepumzika. Mwenzetu alikuwa ameketi hapo hapo anamenya viazi. Kanga yake ya rangi ya machungwa, aliyokuwa haachani nayo, haonekani nayo tena. Harusi imeharakishwa, haisubiri tena mvua ziishe, na baada ya harusi watahamia mji mwingine ambako yeye anafungua duka la pili. Hayo nimeyasikia kwa Mama. Mama naye aliyasikia kwa Fundi Miwani. Nilipomuuliza mdogo wangu mwenyewe anaonaje kuhama, alinitazama kama niliyemuuliza habari za nchi ambayo hajawahi kufika.

Alhamisi, 17 Aprili

Mdogo wangu kaacha kuandika viputo. Yaani, imetangazwa kwa niaba yake. Fundi Miwani ndiye aliyeniambia, mlangoni, mwavuli mkononi: "Ameamua apumzike, wino unamharibia vidole." Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, chini ya mwavuli huo huo. Nikamuuliza yeye, nikimtazama yeye, je, ni kweli? Akasema, "Nilikuwa naona..." na kabla hajavuta pumzi akamaliziwa, "...naona inatosha."

Nikaandika viputo mwenyewe. Mhariri kanipigia kuuliza kama kurasa hizi zimekanyagwa na kuku.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua usiku na mchana. Nguo hazikauki. Hakuna anayeongea nyumbani ila redio.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeharibu.

Nilingoja siku ambayo Fundi Miwani yuko dukani, nikafunga mlango wa jikoni nikiwa na mdogo wangu ndani, nikamwambia yote. Kifundo cha mkono, simu, chai, kanga, kuhama. Nikamwekea na kurasa mezani, hiki kidole cha nani, kichwa hiki cha nani. Niliongea kama mtu anayebomoa ukuta. Nikamwambia huwezi kuolewa na huyu, na hutaolewa naye.

Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Wewe ulitafuta jambazi, dada. Umempata gazetini, sasa unataka awe jambazi na nyumbani."

Mama kasikia toka ukumbini, akaingia, akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake. Kwamba mdogo anatangulia kuolewa na mkubwa anatafuta sababu. Nikajibu nisiyopaswa kumjibu mama yangu. Mdogo wangu akafungua mlango akatoka kwenye mvua bila mwavuli, na niliyemwona akimfuata barabarani na mwavuli ni Fundi Miwani, ambaye hakuwa dukani hata kidogo. Alikuwa amesimama kwa jirani, chini ya kibaraza. Amesimama hapo tangu lini, sijui.

Naogopa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba: namwogopa mtu aliyemtengenezea mama yangu miwani.

Jumatano, 30 Aprili

Mhariri anataka sehemu ya mwisho. Kishindo lazima ashinde, wasomaji wamelipa kuona hivyo. Nikamuuliza anashindaje? Akisema neno anamaliziwa, akikanyaga ardhi anaombewa radhi. Mhariri akasema hilo ni tatizo langu, mimi ndiye niliyemleta bwana huyu.

Ni kweli. Nimemtengeneza imara mno. Sioni pa kumshika. Na Jumapili wanakuja wazee wa upande wa Fundi Miwani kupanga tarehe.

Jumapili, 4 Mei

Walikuja watatu: mjomba wake, shangazi yake, na yeye na suti yake. Mama kavaa gauni zuri. Mimi niliambiwa nimimine chai na nifunge mdomo. Niliapa nitafanya yote mawili.

Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi watu wainue sauti. Mjomba mtu ni mzee mchangamfu, mcheshi, anapenda biskuti. Baada ya maneno mengi ya heshima akasema sawa, tarehe tunazo mbili, wiki ijayo au mwezi ujao, lakini sisi wazee hatumruki mwenye harusi. Akamgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, wewe unaonaje?"

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. "Mimi naona..."

"...naona mapema ndiyo vizuri," alisema Fundi Miwani.

Watu wakacheka. Shangazi mtu akasema tazama watoto wanavyojuana. Mama akacheka pia. Mimi nikalitua birika, nikasimama. Kiapo kikaniponyoka. Nikasema, "Mdogo wangu hataki..."

"Dada." Hakupaza sauti. "Na wewe."

Nikakaa. Kaniambia mbele ya wageni, na alikuwa ananitazama kwa macho yale yale aliyokuwa anamtazamia Fundi Miwani.

Akamrudia mjomba. "Nimeulizwa mimi. Mimi naona..."

"...ana haya kidogo," alisema Fundi Miwani, akiwatabasamia wazee. "Anaona wiki ijayo."

Mdogo wangu hakubishana naye. Alimngoja. Alikaa kimya, mikono mapajani, mpaka alipohakikisha kwamba amemaliza, kabisa, hana la kuongeza. Kisha akaanza upya palepale. "Mimi naona..."

Akamaliziwa tena. Akangoja tena. Mjomba aliacha kutafuna. Shangazi akamwangalia mtoto wa ndugu yake, na hapo nikaona kicheko kinamfifia usoni polepole. Sijui ilikuwa mara ngapi. Kila mara aliyaanza maneno yale yale, sauti ile ile, bila hasira, na kila mara Fundi Miwani alikuwa na mwisho mwingine, na kila mwisho ulikuwa mfupi kuliko ule uliotangulia, hadi ikafika mahali alifungua mdomo na hakukuwa na kitu.

"Mimi naona sitaolewa," alisema mdogo wangu. "Wiki ijayo sitaolewa, na mwezi ujao sitaolewa. Nisameheni kwa safari yenu kwenye mvua hii."

Fundi Miwani akageukia upande wa Mama. Uso ulikuwa bado mpole, ila sauti ilikuwa imekauka. "Mama, amechoka huyu. Mwambie."

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la gauni, muda mrefu, akaivaa tena.

"Nimwambie nini," alisema Mama. "Mwenyewe ameshasema."

Fundi Miwani akainuka, akamnyooshea mdogo wangu mkono kama anayemsaidia kusimama. Nilimwona mdogo wangu akiuangalia ule mkono. Aliogopa, nilikuwa karibu, niliona shingo yake inavyodunda. Hakuinuka. Mjomba akamshika kijana wake bega, akamwambia twende, na alilazimika kusema mara mbili. Viatu alivivaa taratibu, kamba moja, kamba ya pili, na mlangoni akarudisha simu ya mdogo wangu mezani bila kuulizwa. Mama akafunga mlango na kitasa, kisha akausukumia meza. Tukakaa watatu nyuma ya meza tukisikiliza mvua. Mama alilia. Mdogo wangu hakulia hadi Mama alipomwomba radhi.

Jumatatu, 5 Mei

Nina mwisho wangu. Nimekuwa nao tangu jana, umenikosesha usingizi, ni mwisho bora kuliko yote niliyowahi kupata. Bwana Taratibu hapigwi ngumi. Anaachwa amalize, halafu sentensi inaanzwa upya, na upya, mpaka anaishiwa. Atakayefanya hivyo si Kishindo, ni Mtangazaji.

Nikamwendea mdogo wangu asubuhi na mchoro. Sikumficha, nilimwambia wazi nataka kuitumia jana. Akautazama, akasema umechorwa vizuri. Halafu akasema hapana.

Nikamwambia hakuna atakayejua ni yeye. Akasema yeye atajua. Nikamwambia itasaidia watu. Akasema huenda. Nikamwambia basi aandike yeye maneno, kwa mkono wake, kama anavyotaka yeye. Akanirudishia mchoro. "Dada, mwaka mzima naishi kwenye sentensi za mtu. Za kwako pia zilikuwa humo. Jana ni yangu, usinilishe maneno na usinichore."

Nimekasirika. Nakiri nimekasirika sana. Nimefunga mlango kwa nguvu kama mtoto.

Jumanne, 6 Mei

Bado nimekasirika, lakini si yeye ninayemkasirikia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempelekea Mhariri. Katika sehemu ya mwisho Kishindo hashindi. Anasimama mbele ya Bwana Taratibu, anafunga mdomo, hampi sentensi ya kumalizia, na asubuhi Bwana Taratibu anachukua kofia yake na kuondoka mjini mzima mzima, hajapata hata mkwaruzo. Ni mwisho dhaifu kuliko ule mwingine, najua. Viputo ni vyangu, kuku wamepita. Mhariri kabweka, kapiga meza, karanga zikaruka. Kisha akauliza, yaani bwana huyu bado yuko huko nje? Nikamwambia ndiyo, yuko. Akasema ataichapisha.

Jumatatu, 12 Mei

Mdogo wangu kamwona Fundi Miwani akipita barabara ya nyuma. Hakusimama. Mama sasa anamsindikiza mdogo wangu sokoni na mwavuli mkubwa kuliko yeye.

Jumapili, 18 Mei

Jua, mchana kutwa. Tumetoa magodoro, mablanketi, kila kitu, uani pamefunikwa pote. Tulikaa kizingitini watatu tukinywa chai. Mama, ambaye wiki mbili amekuwa akizunguka jambo hili bila kulisema, hatimaye akamgeukia mdogo wangu akamuuliza sasa atafanya nini.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa zuri na lilikuwa tayari: atarudi kwenye viputo, Mhariri anamtaka, kalamu zake ziko palepale, na mimi bila yeye siwezi. Nilishavuta pumzi. Mdogo wangu hakunitazama, ila niliona mabega yake yanavyojikaza, anangoja kusikia atafanya nini.

Nikafunga mdomo. Mama naye akanyamaza. Ikawa kimya cha kuudhi, kile ambacho mtu yeyote angetaka kukijaza na chochote, hata habari za mablanketi. Hatukukijaza.

"Sijui bado," alisema mdogo wangu mwishowe. "Nikijua nitawaambia."

Nikamwambia sawa, nikanywa chai yangu.